Sifa za Kitu Usichokiona



Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo wazee wengi wataliona dogo, na kwa watoto wao si dogo hata kidogo. Nayo ni huzuni ya kijana aliyengoja kitu miaka mingi kwa ajili ya sifa alizozisikia, kisha kilipofika akakikuta sicho alichoahidiwa.

Vijana wetu wa Kariakoo na Gerezani wanazipenda mno katuni za Kijapani, ambazo wenyewe huziita anime. Wengine huzitazama katika simu kwa kununua bando, na wengine huchukua flashi zao wakaenda kujaziwa katika vibanda vya filamu. Je, kutazama kwenyewe kuna hukumu gani? Hilo lina mlango wake, na kila mzazi analazimika kujua mwanawe anatazama nini, na kama sala haipitwi na wakati wake. Leo shabaha yetu ni nyingine.

Miongoni mwa katuni hizo mna moja iitwayo One Punch Man. Ni kisa cha mtu anayeitwa Saitama, ambaye nguvu zake zimefika hadi kila adui humwangusha kwa ngumi moja, wala haoni tena ladha ya ushindi. Sehemu ya kwanza ilitolewa mwaka 2015 na studio ya Madhouse, ikasifiwa duniani kwa uzuri wa michoro. Ya pili ilitoka 2019 kwa mikono ya studio nyingine, J.C.Staff, na wengi wakaiona imepungua. Mwezi wa Agosti 2022 ikatangazwa ya tatu, na tangu siku hiyo hadi ilipoanza kuonyeshwa Oktoba 2025 sifa hazikukatika. Ilipofika, penye mapigano yaliyotarajiwa kwenda kwa kasi watazamaji waliona mara nyingi picha iliyosimama, inasogezwa tu. Malalamiko yakaenea ulimwenguni, yakafika mpaka Mtaa wa Msimbazi.

Ni vyema tuijue kazi yenyewe kabla ya kuihukumu. Katika filamu hupita picha 24 kwa sekunde moja, na kipindi kimoja cha katuni hutaka maelfu ya michoro. Wajapani, tangu siku za Astro Boy iliyoanza kuonyeshwa katika televisheni yao Januari 1963, wamejifunza kuweka akiba: mchoro mmoja hushika nafasi ya picha mbili au tatu, au mwili ukatulia na mdomo peke yake ukatikisika. Akiba hiyo si aibu, na kazi nzuri nyingi zimejengwa juu yake. Aibu iko katika tangazo. Watengenezaji wa tangazo huchagua vipande bora kuliko vyote, wakavitia muziki wa kusisimua, na mtazamaji akadhani kuwa kitu chote ndivyo kilivyo.

Biashara ya namna hii si ngeni kwetu. Mwenye kupita Mtaa wa Kongo anawajua mawinga. Winga hana duka, lakini ana ulimi. Hukushika mkono, akakusifia viatu ambavyo havijui vilipotoka, akakupeleka dukani, na sifa zake ukazilipia juu ya bei. Si kila winga ni mwovu. Udalali wa kweli ni kazi ya halali, na wako wanaokula jasho lao kwa haki. Mwovu ni yule anayeuza sifa mahali pa kitu.

Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni akaona rundo la chakula limepangwa vizuri. Akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule alijibu kuwa mvua ndiyo iliyolinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tuzingatie vizuri: mtu yule hakusema uwongo kwa ulimi wake. Alipanga tu kikavu juu na kilicholowa chini, kama lipangwavyo tangazo.

Tena sheria yetu imekataza jambo wanaloliita wanavyuoni najash, nalo ni mtu kukipandisha bei au kukitukuza kitu asichokusudia kukinunua, ili mwingine aingie mtegoni.

Hapa ndugu zangu vijana huenda wakashangilia, wakaona kosa lote ni la wafanya biashara. Wasifanye haraka.

Katika madrasa yetu yuko kijana wa miaka kumi na sita ambaye husaidia kuwasomesha wadogo juzuu ya Amma. Kwa muda mrefu aliwasimulia sifa za sehemu hiyo ya tatu, akawaapia kuwa haijapata kuonekana mfano wake. Wanne wakamkabidhi shilingi elfu moja moja, fedha walizokuwa wakijiwekea, ili anunue bando watazame pamoja. Wakatazama, na hawakumdai chochote. Lakini siku chache baadaye, alipokuwa akimsahihisha mmoja wao matamshi ya herufi, yule mdogo alimkodolea macho akasema, "Kaka, hili umelisoma mwenyewe, au ni kama lile la katuni?"

Kijana alinijia amekasirika, akisema Wajapani wamemdanganya. Nikamuuliza, "Wewe uliwaapia wadogo zako kuwa ni nzuri. Uliiona lini?" Akajibu, "Maalimu, kila mtu alikuwa akisema."

Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tangazo peke yake halifiki mbali. Hubebwa na vinywa vyetu, bila ujira, na kila anayelibeba hulitilia amana ya jina lake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat tuichunguze khabari tunayoletewa, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Yule mtoto hakupoteza shilingi elfu moja tu. Alipoteza imani yake kwa mwalimu wake mdogo, na khasara ya namna hiyo hailipwi kwa bando.

Basi, kijana, ukiulizwa juu ya kitu usichokiona, sema, "Nimesikia kinasifiwa, mimi sijakiona." Maneno hayo ni machache, na ndani yake mna salama ya dini yako na heshima yako. Ukisha kuahidi kwa niaba ya mwingine, jua kuwa umejitia dhamana.

Na ukiudhika, usivuke mpaka. Tumesikia kuwa mwongozaji wa sehemu hiyo alitupiwa matusi mengi mno katika mitandao. Kusema kuwa kazi ni dhaifu ni haki ya mtazamaji; kumtukana mtu na wazazi wake si haki ya yeyote. Qurani imetuonya chuki isitutoe katika uadilifu, nasi tunajua kuwa mchoraji apigaye mstari mmoja mmoja usiku kucha siye aliyetunga tangazo.

Nanyi wazazi, mtoto akija na huzuni hii msimcheke kwa kumwambia kuwa ni katuni tu. Aliyevunjiwa ahadi amevunjiwa ahadi, na hiyo ni nafasi njema ya kumfundisha uzito wa ahadi. Kesho atasifiwa chuo, kazi ya ng'ambo, au mchumba. Akijifunza leo kutia mkono ndani ya rundo, kesho hatanunua kilicholowa.

Kijana wetu aliwakusanya wale wanne, akawaambia wazi kuwa alisifu asichokiona, akawarudishia fedha zao. Wawili walizipokea, na wawili wakamsamehe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azifanye ndimi zetu ziwe za kweli, na atulinde na kughushi na kughushiwa. Amin.