TAMKO LA TAWI, BOMBO: WAYA WA UMEME SHAMBANI NA WATOTO WETU



Mahindi yanakomaa na nguruwe pori wameanza kushuka. Kila msimu huu tunasikia neno lile lile: "Nitavuta waya kutoka nyumbani nizungushie shamba." Tunalipinga, tukijua wanaolisema wamo humu humu kwenye kundi.

Hoja yao ni kwamba uzio wa faru kule Mkomazi una volti nyingi kuliko za nyumbani, na walinzi wanaishi nao kila siku. Sasa hizi 230 zetu zina nini?

Hesabu hiyo ina kosa. Uzio wa aina ile una kifaa chake maalumu. Kinatoa pigo moja, fupi kuliko kufumba jicho, kisha kinakata. Baada ya kama sekunde moja kinapiga tena. Aliyegusa anaruka na kuachia. Umeme wa nyumbani haukati. Unakaza misuli, mkono unang'ang'ania waya, moyo unaweza kusimama. Anayekuja kumvuta naye ananaswa.

Na anayeugusa si nguruwe peke yake. Ni mtoto wa jirani anayetafuta mbuzi aliyepotea, au wako mwenyewe uliyemtuma alfajiri kulinda shamba, miguu peku, umande chini.

Tusijisafishe. Wengi wetu tulikulia kwenye madungu tukifukuza nyani, na kazi ile ilitufundisha mengi. Kumtuma mtoto si kosa. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za hatari, na inakataza kazi za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Nguruwe wanakuja saa hizo hasa. Basi zamu za usiku ni za watu wazima. Mabalozi wapange kwa kila shina, na sisi viongozi tuanze.

Mwenye waya autoe kabla ya Jumapili. Baada ya hapo taarifa itafika kwa Mtendaji wa Kijiji na TANESCO, awe mwanachama, awe kiongozi.

Ukikuta mtu amenaswa usimguse. Zima kwanza swichi kuu, ndipo umkimbize hospitali.

Aliyeliwa shamba aje ofisini aandikishwe, tuchangishane debe kwa debe kama tulivyozoea.

Imetolewa na Katibu wa Tawi, Bombo