Afya Nyumbani: Kidonda Kisichotaka Kisu



Mtoto akijikata kwa panga, mama huosha jeraha na kulifunga kwa kitambaa safi, na baada ya siku chache ngozi huanza kuungana. Kazi hiyo ina zamu zake. Kwanza damu huganda. Kisha chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huja kuua vijidudu na kuondoa nyama iliyokufa. Ndiyo sababu jeraha huvimba na kuwa jekundu. Askari wakimaliza huondoka, na nyama mpya hujengwa mahali pao.

Lakini kuna magonjwa ambayo askari hao hudhani mwili wenyewe ni adui, wakaupiga. Baridi yabisi ni mojawapo. Mwenye ugonjwa wa namna hiyo akipata jeraha, pengine askari hawaondoki kwa wakati wao, na nyama mpya haipati nafasi.

Mwaka 1930 madaktari wa Mayo Clinic, huko Marekani, walieleza habari za wagonjwa 5 wenye vidonda vya maumivu makali, vilivyopanuka upesi. Wakadhani ni kazi ya vijidudu, wakauita ugonjwa huo pioderma gangrenosumu. Leo tunajua kwamba vijidudu sivyo chanzo chake, bali ni askari wa mwili waliopotoka. Karibu nusu ya wagonjwa wana pia maradhi mengine, kama baridi yabisi au vidonda vya utumbo mpana. Tena kidonda hicho kikikatwa ili kisafishwe, mara nyingi huzidi kupanuka. Hutulizwa kwa dawa za jamii ya kortizoni. Lakini dawa hizo nazo zaweza kuchelewesha majeraha mengine kupona. Basi mgonjwa asizinywe wala asiziache pasipo agizo la daktari.

Enyi wazazi, kidonda kikikawia majuma mengi, msimshtaki jirani kwa uchawi, wala msikipake dawa kali. Mara nyingi sababu ni nyingine: ugonjwa wa sukari, damu isiyopita vema miguuni, au vijidudu. Nendeni hospitalini, mkamweleze daktari yote: viungo vinavyokakamaa asubuhi, choo chenye damu, na dawa mnazotumia. Kidonda kiko mguuni, lakini chanzo chake pengine kiko mbali na mguu.