Mgonjwa aelezwe kipimo kabla ya kupanda basi

Mfanyabiashara wa nafaka hanunui gunia kwa kulitazama kwa nje. Huchoma bambo, akatoa punje chache na kuzikagua kiganjani. Iwe ni mahindi yanayovuka Oraba kwenda Kaya, Sudan Kusini, au maharage katika soko la Ariwara upande wa Congo, hakuna anayeona ajabu. Lakini mtu huyo huyo akiambiwa na daktari kwamba tumbo lake nalo linahitaji kupenyezwa kamera na kuchomwa sindano, moyo humwenda mbio. Hofu hiyo ni ya haki. Wa kulaumiwa ni utaratibu unaomwacha nayo peke yake.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Hutoa maji ya kusagia chakula na insulini inayodhibiti sukari mwilini. Kwa kuwa limejificha, ugonjwa wake nao hujificha. Dalili huja polepole: maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, kukonda, sukari kupanda ghafla kwa mtu ambaye hakuwa nayo, macho ya manjano, mkojo mweusi, choo kilichopauka, na mwili kuwasha usiku kucha.

Huku West Nile, dalili hizo tayari zina majina mengine. Macho yakigeuka manjano, watu husema ni hepatitisi B, na wana sababu. Ugonjwa huo umesumbua kaskazini ya Uganda kiasi kwamba mwaka 2015 serikali ilianza kuchanja watu wazima katika wilaya za eneo hilo. Mtu akikonda huku akilalamikia tumbo, minong'ono ya sumu huanza, na jirani wa kibanda cha pili akawa mshukiwa. Miezi hupita katika mitishamba na ugomvi.

Anayefika Hospitali ya Rufaa ya Arua hupimwa damu na kupigwa picha za tumbo. Ikionekana mfereji wa nyongo umeziba, au kuna uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, huenda akaandikiwa rufaa ya Kampala. Hiyo ni safari ya takriban kilomita 500 kutoka Arua, kupitia Pakwach na Karuma. Mara nyingi mkononi ana karatasi yenye herufi asizozijua, kama ERCP, na hana maelezo mengine. Maelezo atayapata ndani ya basi, kutoka kwa abiria ambaye shemeji yake aliingizwa mpira huo na hakurudi, au yule anayeapa kwamba uvimbe ukiguswa na chuma husambaa mwili mzima. Wapo wanaogeuza safari kabla ya kulala hata usiku mmoja wodini.

Maelezo yenyewe si marefu. Katika ERCP, mgonjwa ambaye hajala kwa saa kadhaa hupewa dawa ya usingizi, kisha mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi pale nyongo na maji ya kongosho yanapomwagikia kwenye utumbo. Hapo daktari anaweza kuondoa jiwe au kuweka kijibomba cha kuzibua mfereji. Kipimo cha pili hutumia kamera yenye altrasaundi kwenye ncha yake. Sindano nyembamba huchomwa kupitia ukuta wa tumbo la chakula, ikachukua chembe za kupeleka maabara.

Hatari zipo na zitajwe kwa hesabu. Kati ya watu 100 wanaofanyiwa ERCP, baina ya 3 na 10 hupata uvimbe mkali wa kongosho. Wengi wao hupona baada ya siku chache za kulazwa, lakini wachache huugua sana, na vifo ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Dawa ya maumivu kama diklofenaki, ikiwekwa kwa njia ya haja kubwa wakati wa kipimo, hupunguza hatari hiyo. Kwa kipimo cha sindano, wanaopata matatizo ni wachache zaidi. Sindano kusambaza saratani ni jambo linalotokea kwa nadra sana.

Wapo wahudumu wanaodhani kutaja hatari kutamkimbiza mgonjwa. Hawawajui watu wa mpakani. Mtu anayepakia lori kwenda Juba anajua mvua inaweza kukata barabara, bei inaweza kuanguka na fedha inaweza kushuka thamani, na bado husafiri kwa sababu amepiga hesabu. Anajua tofauti ya 5 kati ya 100 na 50 kati ya 100. Kinachomshinda ni kubahatisha gizani.

Sababu kubwa ya kupima ni kwamba macho ya manjano na uvimbe wa kongosho havina maana moja. Inaweza kuwa jiwe la nyongo, ambalo huondolewa. Inaweza kuwa kongosho lililochakazwa na pombe na sigara kwa miaka. Mara chache huwa ni kifua kikuu cha tumboni, ambacho hutibiwa kwa vidonge. Inaweza pia kuwa saratani, na hata saratani hutofautiana. Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple, alieleza hadharani mwaka 2005 jinsi madaktari walivyomwambia ana miezi michache tu ya kuishi, hadi sindano iliyopitishwa kwa kamera ilipoonyesha kuwa yake ni aina adimu inayoweza kufanyiwa upasuaji. Alipasuliwa mwaka 2004 na akaishi hadi 2011. Wengi hawapati bahati hiyo. Ila asiyepimwa hawezi kujua yuko kundi gani.

Hata hivyo, si kila kipimo kikubaliwe kwa kutikisa kichwa. Siku hizi ERCP ni zaidi ya kutibu kuliko kutazama. Kama lengo ni kuangalia tu, mgonjwa aulize kama picha ya MRI isiyoingiza chochote mwilini haitoshi. Aulize pia jibu litabadilisha nini. Kwa mzee ambaye ugonjwa umeshaenea, huenda kuzibua nyongo ili mwili uache kuwasha kukawa na faida kuliko sindano. Aulize gharama yote, pamoja na siku za kukaa na chakula cha msindikizaji, maana hawezi kuruhusiwa kuondoka peke yake baada ya dawa ya usingizi. Na ajue kwamba sindano, kama bambo, huweza kupita pembeni ya penye tatizo, hivyo jibu safi si uhakika kamili.

Haya hayahitaji mashine mpya. Hati ya Haki za Wagonjwa ya Uganda ya mwaka 2009 inataka mgonjwa atoe ridhaa baada ya kuelezwa. Ridhaa ianzie Arua na Koboko, pale karatasi ya rufaa inapoandikwa, kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili, Kilugbara na Kikakwa: kipimo ni nini, hatari yake ni kiasi gani, kinagharimu nini, na aliyetumwa akamuulize nani akifika. Muuguzi mwenye robo saa anaweza kuusoma pamoja na mgonjwa na ndugu zake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina deni hapa. Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Congo ikaingia mwaka 2022, na Koboko sasa ni mji ambapo nchi tatu wanachama zinakutana. Kifungu cha 118 cha mkataba wa Jumuiya kinahimiza ushirikiano wa afya, na Taasisi ya Saratani ya Uganda imeteuliwa kuwa kituo cha umahiri cha kanda. Mama wa Ariwara anayevusha mafuta ya mawese ana cheti rahisi cha forodha kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Kwa mwili wake hana karatasi yoyote ya lugha anayoielewa.

Vyama vya akiba vya sokoni navyo visisubiri. Vingi vina mfuko wa msiba. Vikitenga sehemu ya fedha hizo kwa nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake, mwanachama atakwenda kupimwa mapema, wakati jibu bado lina faida kwake.