Mpeni Luanda Magere kivuli chake

Haya wasomaji, leo mnivumilie. Mmezoea nikiandika hapa juu ya hifadhidata, Linux na intaneti inayokatika kila mvua ikinyesha, lakini leo nimeamka na hasira, na hasira yenyewe ni ya upanga. Si panga la kufyekea ua, hapana. Nazungumzia upanga wa mwanga, ule wa kwenye filamu za Star Wars, pamoja na ile Nguvu isiyoonekana ambayo wenye panga hizo huitumia kusukuma watu bila kuwagusa na kuhisi pigo kabla halijafika. Swali langu ni moja tu: vitu hivi viwili vikiwekwa ndani ya pambano moja, vinahusianaje?

Wengine mtasema hilo ni swali la watoto. Subirini.

Kuna gemu ninayoitengeneza jioni pamoja na vijana watatu hapa Kitisuru, katika chumba cha nje ambacho zamani kilikuwa stoo. Shujaa wetu ni Luanda Magere wa Wajaluo, ila tumemhamishia kwenye dunia ya vyombo vya angani na kumpa upanga wa mwanga. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi ulianza wiki iliyopita, wenzangu walipopendekeza kivuli chake kiondolewe. Magere apewe pointi 500 za uhai, adui zake 100 kila mmoja, na uchawi wake uwe kitufe kimoja kinachong'aa. Sababu? Eti ni rahisi kuprogramu, na eti "uchawi hauhitaji maelezo, bwana, uchawi ni uchawi."

Nilisema hapana. Na kwa kuwa wao ni watatu na mimi ni mmoja, naja kuwashtaki kwenu.

Kwa wasiomjua, Magere alikuwa mpiganaji wa Kano, upande wa Kisumu, na mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya adui ilimgonga ikaanguka. Waliposhindwa kabisa, adui hao, ambao Wajaluo huwaita Lang'o, wakampa binti yao mzuri awe mke wake. Siku moja Magere akaugua, akamwambia mke amchanje ili ampake dawa. Wembe ukakataa kuingia. Ndipo akamwambia: usichanje mwili, chanja kivuli changu. Mke akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku huohuo akatorokea kwao na siri. Vita vilivyofuata, mkuki ulielekezwa kwenye kivuli, Magere akaanguka, akageuka jiwe. Jiwe lenyewe watu wanalionyesha hadi leo karibu na mto Nyando.

Sasa nyinyi mnaoandika programu, isomeni hadithi hiyo kama mnavyosoma programu ya mtu mwingine. Aliyeitunga hakuandika namba, aliandika kanuni: mwili haukatiki, kivuli kinakatika. Silaha ya adui haikuongezwa makali hata kidogo. Mkuki ni uleule uliokuwa ukidunda miaka yote, ila sasa unajua pa kwenda. Pambano zima limehama, kutoka nani ana nguvu zaidi hadi nani anajua nini. Huo ndio uhusiano wa silaha na uchawi ninaoutaka: uchawi unafunga milango yote isipokuwa mmoja, na silaha inautafuta huo mmoja.

Pwani wana Fumo Liyongo, na kanuni ni ileile. Hakuna chuma kinachomwingia, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mfalme wa Pate akamrubuni mwanawe Liyongo kwa ahadi ya kuozwa, mtoto akamchoma baba yake usingizini. Muhamadi Kijumwa aliandika utenzi wake mwaka 1913, lakini hadithi ni ya kale kuliko hapo. Na angalieni mwisho wake: Liyongo anatoka nje na upinde, anapiga goti karibu na kisima, anakufa akiwa vilevile, na watu wanaogopa kuteka maji kwa sababu hawajui kama amekufa. Haya, niambieni pointi 500 zitafanyaje kazi hiyo.

Tatizo la namba si la wenzangu peke yao. George Lucas mwenyewe aliliingiza kwenye nyumba yake mwaka 1999, katika The Phantom Menace, alipotuambia kwamba Nguvu hupimwa kwenye damu kwa kuhesabu vijidudu, na kwamba yule mtoto Anakin anavyo zaidi ya 20,000. Mashabiki walikasirika wakasema ameua fumbo. Mimi nakasirika kwa sababu nyingine. Ukishakuwa na namba, pambano limekwisha kabla halijaanza. Unalinganisha mbili, kubwa inashinda, watu waende nyumbani wakale.

Linganisheni na pambano la 1980 katika The Empire Strikes Back. Vader anapigana na Luke kwa upanga, halafu anaanza kung'oa mitambo ukutani na kumrushia kwa Nguvu. Luke anakata kimoja, cha pili kinampiga, cha tatu kinavunja dirisha na yeye anavutwa nje na upepo. Hapo upanga na Nguvu vinagombania kitu kimoja, yaani umakini wa mtu. Ukiangalia vyuma vinavyokuja, huangalii upanga wa mwenzako. Kila mtazamaji alielewa bila kuambiwa.

Halafu ikaja 2019. Katika The Rise of Skywalker mzee Palpatine anapiga radi kutoka kwenye vidole hadi angani na kuzima msafara mzima wa vyombo. Sawa. Mtu anayeweza hilo, upanga wa mita moja unamhusu nini? Ndiyo maana mwishowe Rey anashika panga mbili, anazipishanisha na kuisukuma radi irudi ilikotoka. Namba kubwa imeshindwa na namba kubwa zaidi. Nilitoka sinema nikifikiria pakingi.

Mkiniambia kwamba kanuni haziwezekani kwenye gemu, nitawaonyesha zilipo. Mwaka 2002 Raven Software walitoa Jedi Outcast. Aprili 2013, LucasArts ilipofungwa, msimbo wake ulitolewa hadharani, na yeyote anaweza kuusoma. Katika sehemu ya kuchezea watu wengi utakuta faili moja ya upanga na nyingine ya Nguvu. Mngedhani kila moja inaishi kivyake. Lakini tafuteni ile sehemu inayoamua kama mchezaji anaweza kuzuia msukumo wa Nguvu wa adui yake. Inauliza: je, mchezaji huyu yuko katikati ya kutumia silaha? Kama ndiyo, hawezi kuzuia. Je, yuko hewani ameruka? Kama ndiyo, hawezi kuzuia. Mistari michache tu! Ukirusha upanga wako vibaya nasukuma kifua chako, na ukiruka ruka kama panzi nakusukuma vilevile. Watu wamecheza gemu hiyo miaka ishirini na zaidi kwa ajili ya mistari kama hiyo, na michoro yake imezeeka kupita kiasi.

Hata watoto wanajua. Stima ilipotea hapa mtaani siku moja jioni, na watoto wa jirani wakaja uani kwetu na mabomba meupe ya plastiki, yale ya kupitishia nyaya, wameingiza tochi ya simu chini ili bomba liwake. Panga za mwanga kamili, bei yake karibu bure. Dakika mbili hazikuisha, kelele: "Nimekukata!" "Hujanikata, niko na kinga!" "Na mimi nina nguvu ya kuvunja kinga!" Hiyo ndiyo gemu ya wenzangu, ya pointi 500. Inaisha kwa kilio. Kisha dada yao mkubwa, ana kama miaka kumi na moja, akatoa amri: anayetumia nguvu lazima asimame mguu mmoja hadi ahesabu tatu kwa sauti. Walicheza mpaka wakaitwa kula. Mtoto huyo ningemwajiri kesho.

Lakini bado sijafika kwenye kile kinachonikera hasa, nacho hakichekeshi. Ile hoja ya "uchawi hauhitaji maelezo" ina historia hapa kwetu, na mkitaka kuiona nendeni kusini mwa Tanzania mwaka 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji, akasema risasi za Wajerumani zitageuka maji. Watu wa makabila ambayo hayakuwa yamepigana bega kwa bega waliungana kwa ajili ya maji hayo, na sitamcheka mtu aliyeungana na jirani yake kukataa kuchapwa viboko kwenye mashamba ya pamba. Mwanzoni mwa Agosti Kinjikitile alinyongwa. Tarehe 30 mwezi huohuo maelfu ya wapiganaji waliikabili boma ya Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha.

Sasa sikilizeni jinsi kanuni ya maji ilivyokuwa imeandikwa. Dawa ilikuwa na miiko, kati yake kutolala na mwanamke na kutopora mali. Aliyepigwa risasi akafa, jibu lilikuwa tayari: amevunja mwiko. Dawa haikukosea, amekosea mtumiaji! Nyinyi mliowahi kufanya kazi ya kupokea simu za wateja mnalijua jibu hilo. Programu ambayo kila ikianguka kosa ni la mtumiaji haiwezi kurekebishwa kamwe, kwa sababu hakuna kitakachotokea duniani kitakachoonyesha kwamba ina kosa. Vita viliendelea hadi 1907. Wajerumani wenyewe walihesabu wafu 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wametaja hadi 250,000 na zaidi, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na ghala kuchomwa. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, ikachapishwa 1969, na ukiisoma utaona mtu anayeanza kuliogopa neno lake mwenyewe.

Sasa wekeni hilo kando ya Magere. Hadithi ya Magere inasema tangu mwanzo kwamba kinga ina mahali inapoishia, na inamfanya shujaa mwenyewe ataje mahali hapo kwa mdomo wake. Hadithi ya maji haikutaja. Mtoto wa leo anayecheza gemu yetu kule Kisumu au Kitisuru, mkimpa Magere asiye na kivuli mnampa ile hadithi ya pili, yenye kitufe kinachong'aa, na mnaiita urithi wetu. Mimi jina langu halitakuwa kwenye orodha ya watengenezaji wa kitu hicho.

Tukirudi kwenye kazi: wenzangu wanasema kivuli ni kigumu kuprogramu. Kweli kadi ya michoro huchora kivuli kwenye kioo bila programu ya gemu kujua kiko wapi. Lakini sisi hatuhitaji kile cha kuchora. Tunahitaji kujua taa iko wapi, mwili uko wapi na ardhi iko wapi. Unapiga mistari kutoka kwenye taa ipite kwenye kichwa, mabega na mikono hadi chini, unapata umbo, unauliza kama ncha ya silaha imeingia ndani ya umbo hilo. Hesabu ya kidato cha nne. Jumamosi moja inatosha, na chai.

Na tazameni mtakachopata. Kano iko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana kivuli cha Magere ni kifupi, karibu na nyayo zake, na ni vigumu kumfikia. Saa kumi na moja jioni kimelala nyasini, kirefu kuliko yeye, na kila adui ana nafasi. Vita vinabadilika kwa saa bila namba yoyote kubadilika.

Halafu leteni upanga wa mwanga. Huo ni taa! Adui akija mbele yake usiku na upanga unaowaka, kivuli cha Magere kinaanguka nyuma yake, mbali na huyo adui, kwa hiyo adui mmoja hatoshi. Wanahitaji kuwa wawili na kupangana, mmoja amulike, mwingine achome. Magere naye akiuinua wake juu ya kichwa, kivuli kinajikunja miguuni, lakini kifua kiko wazi kwa msukumo. Akiushusha mbele ajikinge, kivuli kinanyooka mgongoni. Wakiwa adui watatu wenye panga tatu, ana vivuli vitatu. Na akiuzima wake katika giza, hana kivuli hata kimoja, wala hana upanga.

Nimeshaandika sehemu ya kwanza, inatambua taa mbili kwa sasa. Wenzangu, mkisoma hapa, njooni Jumamosi na laptopu zenu. Chai ninayo.