Nembo ya jeshi yasomwa kwa macho mawili Huruma

Wakazi wa mtaa wa Huruma, Nairobi, hawahitaji kwenda kwenye gwaride ili kuona nembo za jeshi. Si mbali na makazi yao, upande wa Eastleigh, iko kambi ya wanahewa ya Moi, ambayo enzi za ukoloni ilikuwa kituo cha ndege za kivita za Uingereza.

Jeshi la Wanahewa liliundwa Juni 1, 1964. Ndege zake zilichorwa miduara yenye rangi za bendera iliyopandishwa Desemba 12, 1963: nyeusi kwa ajili ya wananchi, nyekundu kwa damu iliyomwagika, kijani kwa ardhi na nyeupe kwa amani. Ngao na mikuki iliyo katikati ya bendera hiyo huashiria ulinzi wa uhuru. Kaulimbiu ya wanahewa husema, "Tuko Imara Angani".

Uimara huo ulitiliwa shaka Agosti 1, 1982, baadhi ya wanahewa walipojaribu kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikuwa askari wa cheo cha chini katika kambi hiyo hiyo ya Eastleigh. Alitorokea Tanzania, akarejeshwa, na akanyongwa mwaka 1987.

Adhabu haikuishia kwa watu. Jeshi zima lilivunjwa, likawekwa chini ya Jeshi la Nchi Kavu na kuitwa Jeshi la Wanahewa la 82. Ni nadra taifa kulibandika jeshi lake mwaka wa kosa lake, mithili ya mtoto anayeitwa kwa jina la msiba aliozaliwa nao. Hata kuruta aliyejiunga miaka kadhaa baadaye, asiyejua lolote kuhusu uasi huo, aliubeba mwaka huo. Jina la awali lilirudishwa mwaka 1994.

Huruma yenyewe iliwaona wanajeshi kwa sura nyingine Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa sita lilipoporomoka na kuua zaidi ya watu 40. Waliokuwa wakifukua vifusi usiku na mchana ni pamoja na askari wa KDF. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya siku kadhaa. Mavazi yaliyotia watu hofu mwaka 1982 yalikuwa tumaini la waliosubiri jamaa zao.

Katiba ya 2010 imezitambua sura hizo mbili. Kifungu cha 241 kinataka jeshi lisaidie wakati wa majanga na kutoa ripoti kwa Bunge la Taifa. Lakini likitumwa kutuliza ghasia, sharti bunge liidhinishe.

Tofauti hiyo ilijitokeza Juni 25, 2024, waandamanaji walipovamia majengo ya bunge na serikali ikatangaza kuwa inatuma wanajeshi. Wabunge waliidhinisha siku iliyofuata, tangazo likiwa tayari limetolewa. Juni 27, Mahakama Kuu iliruhusu hatua hiyo, ila ikaagiza serikali ieleze wanajeshi watakuwa wapi, kwa muda gani na kwa masharti yapi.