UCHAMBUZI: Badala ya vijiji kuzimwa, viwanda vikubali kupunguza umeme

IJUMAA ya Septemba 6, 2024, karibu saa tatu asubuhi, laini ya kusafirisha umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilijikata ikiwa imebeba megawati 288 za upepo wa Turkana. Punde si punde, laini iletayo umeme kutoka Ethiopia nayo ikajikata. Kwa mujibu wa Waziri wa Kawi Opiyo Wandayi, jumla ya megawati 488 zilipotea, na sehemu kubwa ya nchi ikabaki bila umeme.

Kwa wakazi wa miji midogo kama Ikutha, ulio kusini mwa Kaunti ya Kitui kwenye barabara itokayo Kibwezi kuelekea Mutomo, umeme ukipotea mashine ya kusaga mahindi husimama, mchomeleaji vyuma huketi na pampu ya kisima huacha kuvuta maji. Suala ambalo halijajadiliwa ipasavyo ni hili: mfumo wa umeme unapozidiwa, nani anafaa kupunguziwa, na kwa utaratibu gani?

Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi. Unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika kila sekunde. Nchini Kenya mkondo huo hupiga mara 50 kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla, mapigo hayo huanza kushuka. Yakishuka kupita kiasi, mitambo iliyosalia hujizima ili isiharibike, na giza hutanda kote.

Ili kuzuia hali hiyo, mfumo una swichi za dharura ambazo hujikata zenyewe mapigo yanaposhuka. Tatizo ni kwamba swichi hizo hukata laini nzima. Hazitambui kwamba laini moja ina zahanati, shule na pampu ya maji, wala hazijui ni nani angeweza kungoja dakika kumi bila hasara. Laini ya mashambani yenye watumiaji wadogo ikikatwa, watu wengi huathirika ilhali umeme unaookolewa ni kidogo. Kinu kimoja kikubwa cha kusaga saruji, kwa upande mwingine, hutumia megawati kadhaa peke yake.

Haja ya kutafuta njia bora inazidi kuwa kubwa. Mnamo Februari 2025, matumizi ya umeme nchini yalifikia kilele cha megawati 2,316. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2024, Rais William Ruto alikuwa amekiri hadharani kwamba baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa umeme kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku. Ajabu ni kwamba usiku wa manane hali hugeuka. Mvuke wa Olkaria umewahi kuachiliwa hewani na mitambo ya upepo kupunguzwa kasi kwa kukosa wanunuzi.

Serikali ilitambua pengo hilo mapema. Tangu Desemba 2017, viwanda vinavyoongeza matumizi kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi vimekuwa vikipunguziwa nusu ya bei ya umeme huo wa ziada. Hatua hiyo ni ya busara, ila hufuata saa ya ukutani. Haiwezi kusaidia laini inapojikata saa tatu asubuhi bila kutarajiwa.

Kinachohitajika ni viwanda kukubali, kwa mkataba na kwa malipo, mitambo yao ipunguze matumizi yenyewe pindi mapigo ya gridi yanaposhuka. Si kila kazi inafaa. Tanuri la saruji haliwezi kuzimwa na kuwashwa ovyo, lakini kinu cha kusaga chaweza kusimama kwa muda, kwa kuwa saruji iliyokwisha kusagwa imo ghalani. Vyumba vya baridi vya maua kule Naivasha hudumisha ubaridi kwa dakika kadhaa hata mashine ikinyamaza. Nchini Afrika Kusini, shirika la Eskom limekuwa likipunguzia umeme kiwanda cha aluminiamu cha Hillside, Richards Bay, kwa muda maalum kulingana na mkataba, gridi inapolemewa.

Hata Ikutha kwenyewe kuna nafasi. Pampu ya kisima chenye tangi kubwa inaweza kuvuta maji usiku umeme unapokuwa mwingi, kisha ikapumzika jioni bila mwananchi kukosa hata mtungi mmoja. Katika eneo kame ambako maji ndiyo uhai, tangi lililojaa ni sawa na umeme uliowekwa akiba.

Wapo watakaouliza kwa nini kiwanda kilipwe kwa kutotumia umeme. Jibu ni kwamba mwananchi tayari hulipa. Mitambo ya dizeli inapowashwa kuziba pengo, gharama ya mafuta huongezwa kwenye bili za wateja wote. Hata hivyo, hofu ya udanganyifu ina msingi. Bila mita za kisasa zinazopima matumizi kwa muda mfupi mfupi, kiwanda kinaweza kudai malipo kwa umeme ambao hakikukusudia kuutumia.

Mpango huu hautachukua nafasi ya laini mpya wala mitambo mipya. Taifa lisilo na akiba ya kutosha ya kawi haliwezi kujiokoa kwa kupunguza tu. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) inapaswa kuweka kanuni za malipo na vipimo, nayo Kenya Power ianze na viwanda vichache vikubwa. La sivyo, swichi zitaendelea kuchagua kwa niaba ya taifa, na mzigo wa kuokoa gridi utabaki kwa wale wanaotumia umeme kidogo zaidi.