Tukimwacha Huyu, Nani Mwengine?



Kila uchaguzi unapokaribia, uwe wa huku Uingereza au wa kule kwetu, jamaa hugawanyika juu ya jambo moja: je, huyu aliyeko madarakani aongezewe muda? Na jibu ninalolisikia mara nyingi, hasa kwa wazee wenzangu, ni swali jengine: "Tukimwacha huyu, nani mwengine?" Kisha hufuatia methali. Mmoja atasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwengine atasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, naye husahau kuwa methali hiyo yenyewe inakiri kwamba anayezungumzwa ni zimwi, na kwamba kula anakula.

Kusudi langu katika ukurasa huu ni kuonyesha kuwa swali hilo la "nani mwengine", linalodhaniwa kumtetea kiongozi, kwa hakika ndilo linalomshitaki.

Sisi walimu tunalijua jambo hili kwa kazi yetu. Iko skuli ambayo mwalimu mkuu akiugua siku mbili kengele haigongwi, ufunguo wa stoo hauonekani, na walimu hukaa barazani wakitazamana. Wazazi humsifu: "Tazameni, bila yeye skuli haiendi." Lakini mkaguzi mwenye akili haandiki sifa hapo, huandika kasoro. Mtu aliyeongoza miaka kumi na asiwepo hata mmoja wa kushika nafasi yake, hiyo miaka kumi alikuwa akifanya nini?

Tuchukue mfano wa Marekani, ambako baadhi ya jamaa zetu wanaishi. Rais wao wa kwanza, George Washington, aliondoka kwa hiari baada ya vipindi viwili mwaka 1797, na waliomfuata wakaishika desturi hiyo kwa muda mrefu. Aliyeivuka ni Franklin Roosevelt, aliyechaguliwa mara nne: 1932, 1936, 1940 na 1944. Wanaotetea kuongezwa muda humtaja yeye, nao wana haki, kwani aliiongoza nchi katika dhiki ya uchumi na katika vita. Lakini alipofariki Aprili 1945, makamu wake Harry Truman alishika nchi iliyo vitani bila ya kuwa amepewa maelezo kamili ya bomu la atomiki lililokuwa likitengenezwa na serikali yake mwenyewe. Kiongozi hodari namna ile hakumwandaa wa kumfuata. Wamarekani wakapata funzo, na mwaka 1951 wakatia katika Katiba yao kwamba mtu asichaguliwe kuwa rais zaidi ya mara mbili.

Vijana wetu watanijibu: "Babu, mbona hapa Uingereza hakuna ukomo?" Ni kweli. Margaret Thatcher alishinda mara tatu: 1979, 1983 na 1987. Lakini hapa jibu la "nani mwengine" limekaa Bungeni, upande wa pili wa meza: kuna kiongozi wa upinzani na mawaziri vivuli wake, wanaonekana na kusikika kila wiki. Hata ndani ya chama tawala wapo wanaoweza. Mwezi wa Novemba 1990 wabunge wa chama cha Bi. Thatcher mwenyewe walimwacha mkono, akaingia John Major, na nchi haikuanguka. Basi tarehe ya mwisho ni ngao tu. Kinachokingwa kwa ngao hiyo ni kule kuwapo watu wengine.

Tuje sasa kwetu. Mwalimu Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, na tangu hapo Mzee Mwinyi, Bwana Mkapa na Bwana Kikwete kila mmoja alitumikia miaka 10 akaenda zake. Zanzibar, kuelekea uchaguzi wa mwaka 2000, palitolewa hoja ya kubadilisha Katiba ili Dkt. Salmin Amour apate kipindi cha tatu. Chama chake hakikukubali, na mwengine akapatikana. Kenya, Mzee Moi alikaa miaka 24, na wengi waliamini kuwa bila yeye nchi itawaka moto. Mwaka 2002 aliondoka, aliyemchagua yeye akashindwa na Mwai Kibaki, na Kenya ikabaki Kenya.

Jirani yao hakufuata njia hiyo. Rais Museveni alipoingia mwaka 1986 alisema kuwa tatizo la Afrika ni viongozi wasiotaka kuondoka. Katiba ya Uganda ya 1995 iliweka vipindi viwili. Mwaka 2005 kifungu hicho kikaondolewa. Ikabaki sharti ya umri wa miaka 75. Mwaka 2017 nayo ikaondolewa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1986 sasa ni mtu mzima wa miaka 40, na hajapata kumwona rais mwengine.

Lakini tusijisifu kwa ukomo peke yake, maana iko njia nyengine ya kulifanya jibu la swali letu liwe "hakuna". Uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 2025 ulifanyika ilhali Tundu Lissu yumo kizuizini kwa shitaka la uhaini, na chama chake cha Chadema kimekwisha zuiwa kushiriki. Rais Samia alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura, na katika ghasia za siku zile watu waliuawa. Sikutaja haya kwa kutaka kuwachonganisha jamaa wa vyama mbalimbali wanaokisoma kitabu hiki. Nimeyataja kwa kuwa anayewafungia wengine mlango, kisha akauliza yuko wapi mwengine, hajauliza swali la haki.

Basi tufanye nini sisi tulio mbali? Wengi wetu wenye pasi ya Uingereza hatuna kura Tanzania. Lakini tuna sauti, na tuna mifuko, na jamaa hutuomba vyote viwili msimu wa kampeni ukifika. Na hapa tunayo kura. Hata mwenye pasi ya Tanzania au ya Kenya anayekaa hapa kihalali anaruhusiwa kuchagua mbunge, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola. Nashauri, kabla ya kura au mchango, tumuulize mwombaji mambo matatu. Uliahidi nini mara ya kwanza, na kipi tunaweza kukiona kwa macho? Umemfunza nani kazi yako? Na wanaokupinga, wanasema wakiwa huru? Akijibu yote vyema, apewe kipindi kingine, maana kumwondoa mtendaji mwema kwa kupenda sura mpya tu nako ni upotevu.

Na maswali hayo yaanzie kwetu. Vyama vyetu vya jamaa, vya maziko na vya kusaidiana, vina wenyeviti na washika fedha waliozeekea katika viti hivyo, na kila mkutano mkuu tunapiga makofi tukisema nani mwengine ataweza. Vijana wetu wamesoma. Wengine ni wahasibu, wengine mawakili. Wapewe daftari la fedha walikague, wapewe uenyekiti mwaka mmoja huku wazee tuko hai wa kuwaelekeza. Mtoto aliyekulia katika chama ambamo mzee hukabidhi kiti kwa hiari, akiambiwa na mwanasiasa kuwa bila yeye nchi itapotea, atajua namna ya kumjibu.

Wabillahi tawfiq.